Kituo cha Punje ya Hindi

Mjukuu wangu Deo, mume wangu mdogo,

Marahaba kwa shikamoo yako. Hapa Kasense, Sumbawanga, tu wazima. Mama yako mdogo amejifungua binti, ana sauti kama tarumbeta.

Umeniuliza kama ni utoto kuinamia vitreni vyako vidogo kuliko kidole, maana wenzako wanakucheka.

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikajaa sokoni, nilikuwa msichana nauza makoti. Kwenye mfuko wa koti moja nikakuta kichwa cha treni na behewa lake, vyote vinaenea ndani ya kiberiti. Nyumbani nikatandaza nyuzi mbili uani ziwe reli, nikamwaga ulezi uwe kokoto. Baba akanikuta. Nikajua nimekwisha, kwani ulezi ule ulikuwa wa mbegu.

Baba hakuwahi kuona treni. Akapiga magoti, akainama mpaka shavu likakaribia udongo, akavitazama. Kisha akauliza, "Hapa kwetu Sumbawanga, treni inasimama wapi?"

"Reli haifiki kwetu, baba."

Akatoa punje ya hindi mfukoni, akaiweka kando ya uzi. "Itasimama hapa."

Papo hapo kuku akaja, akakimeza kituo. Mimi nikacheka. Baba hakucheka. Akaingiza mkono mfukoni tena, akaweka punje nyingine.

Reli haijatufikia hadi leo. Humu ndani ya bahasha nimekutilia punje moja ya hindi. Iweke kando ya reli yako, treni isitupite.

Bibi yako