Kifua Chako Kilikuwa Kizima

Ndugu yangu wa ziwa, Feruzi,

Juzi mwanao kanipigia simu kutoka Kuwait, huko tulikokuzika. "Ami, daktari anauliza maradhi ya ukoo. Baba alikuwa na nini kifuani?" Nikamwambia nitampigia kesho. Kesho hiyo imepita.

Nnakukumbuka Maskati, mwaka uleule tuliotoka Unguja. Mama yako, mzao wa watumwa wa babu zangu Waarabu, alitunyonyesha sote wawili, na hapa tukalala chumba kimoja. Alasiri tukicheza mpira mchangani nje ya lango la mji, wewe golini.

Siku moja ulikuja mbio kutoka kwenye redio ya muuza kahawa. "Wewe! Kule Marekani mweusi alikuwa hachezi mpira na wazungu. Kaingia mmoja, wakamzomea, kacheza! Na jeshini sasa wanalala kambi moja. Wao wameweza, sisi tunaosali safu moja tutashindwa?"

Tukaenda kujiandikisha jeshini. Kiarabu chako kilikuwa bado cha salamu tu, nikawa mkalimani. Afisa akauliza wewe ni nani kwangu. Nikajibu, "Haqqna." Wetu. Wallahi nilikusudia ndugu. Yeye akasikia mali.

"Khadim, mtumwa wenu? Basi aende jikoni."

Binamu zangu walikuwa nyuma yangu kwenye foleni, wakacheka. Neno moja, akhuy, ndugu yangu, lingetosha. Nikalimeza.

Nje ukaniuliza, "Wamesemaje?"

"Afisa kakipima kifua chako kwa macho, hakikupasi."

Ukajipiga kifua mpaka ukakohoa. "Hiki? Hiki kinachozuia mikwaju yako kila siku? Hebu warudie, labda wamepima chako!"

Nikacheka nawe. Kisha mimi nikavaa magwanda, wewe ukaenda Kuwait kutafuta riziki. Nilidhani uongo ule uliishia pale mlangoni. Kumbe ulisafiri nao. Mwanao ananambia hukuwaacha wanao wacheze mpira. Kila walipotoka mbio ukiwaita: "Rudini! Sisi vifua vyetu dhaifu."

Feruzi, ulikuwa golikipa bora kuliko wote niliowaona, na watoto wako walikaa kibarazani wakiwatazama wenzao.

Leo nitampigia kabla pumzi haijanishinda. Nitamwambia amjibu daktari kwamba kifua cha baba yake hakikuwa na kitu. Kilichougua ni ulimi wangu. Akinikatia simu, ni haki yake.

Wewe sikuombi jibu. Neno nililolimeza mbele ya afisa nnaliandika hapa:

Akhuk, nduguyo