Ugoko Wangu na Wadudu Wasiosikia Dawa

Wodi ya Mifupa,
Chumba cha mwisho, cha peke yangu,
Jumatano, baada ya chai.

Mpendwa mke wangu mdogo, mjukuu wangu wa kwanza,

Marahaba, na marahaba tena. Najua umeshaniamkia hata kabla hujafungua bahasha, maana nilikulea mwenyewe na adabu unayo. U hali gani huko uliko? Kile kifua chako cha baridi kimeacha kukusumbua? Na huyo mwizi aliyekuoa mimi nikiwa nimesinzia, anakulisha vizuri au umekonda? Mwambie nimemwekea jicho. Kitukuu wangu ameota meno? Akiuma watu usimchape, hiyo ni damu yangu.

Mimi ni mzima. Ukiondoa mguu, mzima kabisa.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Muuguzi wa asubuhi alitaka niseme yeye aandike, nikamwambia, binti, shuleni sikukaa sana lakini nilichokipata kule sijakirudisha. Mistari ikipanda mlima na kushuka, wewe ifuate tu, itafika. Na usiogope kuishika karatasi. Nimenawa kwa sabuni kabla ya kushika kalamu, na muuguzi kasema barua haina neno.

Kwa nini uogope karatasi, hiyo ndiyo habari yenyewe.

Unakumbuka jiwe langu la kunolea visu lilivyopasuka likizunguka, kipande kikanipiga ugoko wa mguu wa kulia? Nilikuandikia kwamba ni mchubuko. Ulikuwa mchubuko kweli, ila haukutaka kufunga. Nikajitibu mwenyewe kama ninavyoutibu mtaa mzima. Kopo langu la vidonge unalijua, lile la majani ya chai lililo juu ya kabati. Kila anayeandikiwa dawa pale mtaani akipata nafuu anaziacha, na zinazobaki ananiletea mimi. Mwenye jino, mwenye jipu, mwenye kikohozi, wote wanapita kwangu kwanza. Wananiita Daktari Kopo na sijawahi kulikataa jina.

Basi nikapasua kapsuli za rangi mbili, unga wake nikaumwaga kwenye kidonda, nyingine nikameza. Maumivu yakikata, naacha, zilizobaki zinarudi koponi. Yakianza tena, nami naanza tena. Kidonda kikafunga, kikafumuka, kikafunga, kikafumuka, mpaka ugoko ukawa unatoa usaha kwa katundu kadogo kama ka sindano, na homa ikaniangusha. Jirani yangu muuza mkaa ndiye aliyenipakia kwenye mkokoteni wake. Nilifika hospitali mweusi tititi, wakadhani nimeungua moto.

Daktari wa mifupa ni mwanamke mfupi, hacheki ovyo. Akanilaza, akapasua, akakwangua mfupa uliooza. Nilipozinduka swali langu la kwanza lilikuwa, visu vyenu ananoa nani? Akasema, "Babu, vyetu tunatumia mara moja, tunatupa." Mke wangu, hilo liliniuma kuliko mguu.

Mwanzoni nilikuwa kwenye wodi kubwa na nilikuwa nafaidi. Kulikuwa na mwashi aliyevunjika nyonga na dereva mwenye bega bovu. Niliwasimulia habari zangu mpaka dereva akaomba ahamishwe kitanda. Mwashi alizipenda, au labda hakuweza kukimbia. Halafu majibu ya usaha yakatoka, wakaniondoa nikiwa katikati ya kisa. Wakasema wadudu wangu wasije wakavuka kwenda kwa wenzangu wenye vidonda. Mpaka leo mwashi hajui kile kisa kiliishaje.

Humu nilimo kuna kitanda, kiti kimoja cha mgeni, na sinki. Kila anayeingia anavaa aproni na glavu, akitoka anazivua na kunawa mpaka kwenye viwiko. Mama wa usafi anaimba korido nzima, sauti anayo, akifika mlangoni kwangu ananyamaza ili ajifunge ile aproni. Wimbo wenyewe nausikia vipande. Muuguzi ananishika mkono kutafuta mshipa, lakini ni mpira ndio unaonishika. Ngozi ya mtu sijaigusa tangu nihamie huku. Si kwamba nalalamika. Nakueleza tu jinsi chumba kilivyo.

Sasa sikiliza. Juzi juzi maumivu yakakata, homa ikaenda, nikala nikamaliza sahani. Nikajua nimepona. Nikafunga kifurushi changu, nikavaa na kofia. Nikamwambia muuguzi anifungie ile dawa ya dripu iliyobaki, nikaiongeze kwenye kopo. Akacheka mpaka barakoa ikamshuka. Alipoona sitanii akaenda kumwita daktari.

"Unakwenda wapi, babu?"

"Nyumbani. Nimepona."

"Nani kakwambia?"

"Mguu."

"Mguu wako muongo," akasema.

Akatoa simu akanionyesha picha. Kumbe usaha wangu walikuwa wameuotesha kwenye kisahani, kama mtu anavyootesha mbegu. Juu yake wakaweka vikaratasi vya duara, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Wadudu walikuwa wameota kisahani kizima, wamevifikia vile vikaratasi mpaka ukingoni, wengine kama wanaviegemea. Akanionyesha kimoja kwa kidole. "Hizi ni zile rangi mbili zako. Umewapa kidogo kidogo muda mrefu, wamezizoea." Akanionyesha kingine, na kingine. Hawajali. Ila kimoja tu, pembeni, kilikuwa kimezungukwa na peupe safi, kama mtu amefagia.

"Hiki ndicho kilicho kwenye dripu yako. Ukiikatiza njiani, watakaobaki ni wale wagumu zaidi, na hao watajifunza kuishi na hii pia. Hapo mimi nitakuwa sina dawa, babu. Nina msumeno."

Nikamwambia, daktari, hao wadudu ni wangu kweli, maana hawasikii la mtu.

Hakucheka. Akaweka mkono wake wenye glavu chini tu ya goti langu. "Hapa," akasema. "Chagua."

Wewe unajua mguu wa kulia ndio unaosukuma pedali ya jiwe. Huu wa kushoto ni wa kusimamia tu, haujui kazi. Bila wa kulia mimi ni mzee tu aliyekaa.

Nikafungua kifurushi. Sikumwambia nimekubali, usije ukaenda kunitangaza. Nilimwambia soksi zangu zinahitaji hewa.

Kopo nimemwagiza muuza mkaa alilete hospitali, dawa wameziharibu zote. Mtaa umenuna. Na wanune.

Dripu bado ni ya wiki nyingi. Ikiisha watapiga picha ya mfupa. Ukiwa umetulia, natoka na miguu yangu yote. Ukiwa bado unaoza, basi unajua. Sijawahi kumaliza dozi hata moja tangu nizaliwe, na hii nitaimaliza mpaka washangae.

Alasiri kuna mnoa visu anapita nyuma ya ukuta wa hospitali. Simwoni, namsikia. Anakandamiza kisu mno, chuma kinalia. Anaharibu vyombo vya watu. Nimegonga kioo cha dirisha, hasikii. Jana hakupita, na chakula kikanishinda.

Wewe usije. Safari ni ndefu na mtoto bado mdogo. Nakujulisha tu kwamba wagonjwa wanaonwa kuanzia saa kumi jioni, na mlango wangu ni wa mwisho kushoto, una karatasi nyekundu, haiumi. Watakupa aproni na glavu. Glavu ndogo za mkono wako wanazo, nimeuliza. Mtoto haruhusiwi kuingia, lakini dirisha ni la chini, anaweza kunyanyuliwa akiwa nje nikamwona meno. Hilo nalo nimeuliza. Lakini usije.

Nisalimie mama yako, na shangazi yako umwambie zile dawa zake za sikio zimekwenda na kopo. Mwizi wangu naye msalimie, kwa mbali. Kitukuu mpake mate ya babu kwenye paji, ila ya kwako, yangu kwa sasa hayafai. Mungu awafunike nyote, awape usingizi mzuri na viungo vizima.

Ni mimi mumeo mkongwe akupendaye, mwenye miguu miwili hadi leo,

Babu.

Nilisahau. Kile kiti cha mgeni walitaka kukipeleka chumba kingine kwa sababu hakikaliwi. Nimekataa.