Isale Lililovuka Jiwe

Idara ya Ujenzi, Chuo Kikuu,
Manchester, Uingereza.
9 Machi 1957

Mpendwa Shangazi Mektrida,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, Shangazi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti lililokusumbua wakati wa Noeli sasa linakuruhusu kushuka sokoni Mkuu na kurudi bila kupumzika njiani. Mimi sijambo. Baridi imepungua kidogo, ingawa bado navaa soksi mbili mbili, na ndizi zinazouzwa hapa usingekubali kumpa hata mbuzi.

Utashangaa kwamba barua imekuja kwako badala ya kwenda kwa Baba mdogo Wenseslaus, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya darasa na ndiye aliyeniandikia. Sababu utaisikia pamoja na wengine. Nakuomba usimpe mtu yeyote akuwekee. Jumapili ya kwanza baada ya kuipokea, watu wakishakusanyika kiwanjani baada ya Misa, mkabidhi Mwalimu Remigius aisome kwa sauti. Kurasa ni nne, nami nimeziandika namba. Mwalimu akitoka ukurasa wa pili akajikuta kwenye wa nne, asimame papo hapo aulize wa tatu uko wapi.

Kuanzia hapa nasema na wote.

Mheshimiwa Mchili, mkuu wa mtaa wetu, Baba Paroko, Baba mdogo Wenseslaus na wazee wa ukoo, Shangazi na akina mama mliobeba mawe kutoka mtoni, vijana mliochimba msingi, na wewe, fundi Alawi bin Sadallah, uliyepanda kutoka Moshi mjini kuja kutujengea: nawaamkia kila mmoja kwa heshima yake. Kama fundi Alawi hakukaribishwa kikaoni, namwomba Mwalimu anyamaze kwanza, mpaka fundi aitwe na apewe mahali pa kukaa.

Barua ya kamati nimeipata. Imeniarifu kwamba mnataka kumwondoa fundi na kuimaliza kazi wenyewe, ili darasa liezekwe kabla ya Pasaka na watoto waingie mara baada ya likizo. Mnahitaji idhini yangu kwa kuwa kiwanja kimekatwa katika kihamba, shamba la urithi la marehemu baba, nami mwanawe wa kwanza ndiye niliyekitoa kabla ya kusafiri. Mwishoni mmeniuliza swali ambalo nimelisoma mara nyingi: je, mtu huvuka bahari kwenda kusomea unyapara?

Nyapara tunamjua sote. Ni yule wa mashamba ya walowezi, mwenye fimbo na daftari la majina, ambaye mkono wake haujui jembe. Mimi niliandika kwamba nasomea usimamizi wa ujenzi, na naona aliyewafasiria kwa Kichagga hakupata neno jingine. Simlaumu. Lakini ninachojifunza ni hiki: kazi ipi itangulie ipi, watu wangapi wanatosha, mvua itaingia lini katika hesabu ya siku, na aliyesema udongo ni mkavu kama aliutia mkono au aliutazama tu. Mhandisi huchora na fundi hujenga. Msimamizi ni yule anayekataa kuambiwa kwamba mambo yako sawa mpaka ayaone. Kwa kifupi, tunafundishwa kushuku kwa utaratibu, na ninyi ndio wa kwanza kuonja elimu hiyo.

Nami sisemi kama mgeni. Mwakani nikimaliza nitaomba kazi katika kampuni zinazojenga Dar es Salaam na Mombasa, na jambo la kwanza watakaloniuliza ni jengo gani limesimama kwa mashauri yangu. Nilikuwa nimeshaandaa jibu: darasa la kwetu Rombo. Jina langu limo ukutani humo pamoja na majina yenu.

Sasa niyatazame makosa ya fundi. Mmesema analimwagilia maji zege la juu ya kuta asubuhi na jioni kana kwamba ni kabichi, na zamu zetu za maji ni chache. Nikacheka, kwa sababu mwezi wangu wa kwanza hapa nilimcheka mzee mmoja, nyapara kwelikweli kwa maana yenu, aliyekuwa akifunika zege kwa magunia mabichi siku yenye manyunyu. Aliniambia bila kugeuka, “Kijana, zege halikauki, linakomaa. Ukilinyima maji leo, litakukumbusha siku utakapokuwa chini yake.” Basi fundi Alawi anafanya bila chuo jambo ambalo mimi nimesafiri wiki tatu melini kuja kulijua. Na zile nguzo za kuegemeza ambazo amekataa zisiondolewe mapema, sababu yake ni hiyo hiyo. Zege bado changa, halijaweza kujibeba.

Lililobaki ni shimo. Mmesema amechimba kwenye pembe ya ukuta wa chini bila ruhusa ya mtu, na wengine mmeanza kunong'ona kwamba amezika kitu. Hapo nami nilikwama, lakini kwa njia nyingine. Fundi anayetaka kudanganya hufukia, hachimbui. Huyu alikuwa anatafuta nini? Nikamwandikia dada yangu Dominika, ambaye huwapelekea mafundi chakula, anieleze alichokisikia kwa masikio yake.

Dominika amenijibu kwamba fundi alimwendea Baba mdogo mara tatu kwa swali moja. Mara ya tatu watu wengi walikuwapo.

“Mzee,” alisema fundi, “ukuta wa chini unatoa jasho, na mvua haijanyesha. Zamani hapa hapakupita mfongo wa maji?”

“Hapakupita,” akajibu Baba mdogo. “Ninyi wa mjini mmezoea kujenga juu ya vumbi. Mkiona udongo wenye unyevu mnadhani ni mto.”

Mkacheka. Fundi naye akacheka, kisha akaliteremsha tena timazi lake ukutani. “Nacheka pamoja nanyi, mzee,” akasema, “ila timazi halicheki.”

Wazee wangu, mfongo ulipita. Mwaka ule nilioanza kufundisha, mfereji mpya ulipochimbwa kule juu, huo wa zamani tuliufukia watu watatu: marehemu baba, mimi, na Baba mdogo Wenseslaus. Mawe yalikuwa mbali, tukajaza migomba iliyokwisha kutolewa ndizi, tukatandika majani, tukakanyagia udongo juu. Migomba ile niliikata mimi mwenyewe, na kosa la kufukia namna ile ni langu kama lilivyo lao. Mgomba ukifukiwa huoza, ukaacha uwazi, na maji hayasahau njia yake. Nilipotoa kiwanja sikuona hatari, kwa kuwa nilipima kwa miguu yangu: ukuta wa chini ungesimama hatua sita upande wa juu wa mfongo. Leo umesimama juu yake hasa. Umefikaje hapo?

Katika barua hiyo Dominika alitia picha iliyopigwa kwa kamera ya Baba Paroko. Akina mama mmejipanga mbele ya ukuta, mnapendeza sana. Mimi nikatazama nyuma yenu, pale lilipo lile jiwe kubwa ambalo ng'ombe wa babu walikuwa wakilambia magadi. Masale, ile mimea ya mpaka kati ya kihamba chetu na cha Baba mdogo kilicho juu yetu, yalikuwa upande wa juu wa jiwe. Hapo ndipo babu alipoyapanda, na hapo ndipo nilipoyaacha. Katika picha masale yapo upande wa chini. Kati ya jiwe na masale imeota migomba saba michanga.

Niliazima kioo cha kukuzia cha maktaba, nikahesabu tena. Ni saba. Mpaka ukishuka hatua sita, jengo lililopimwa kutoka mpakani nalo lazima lishuke hatua sita.

Sijasema nani ameyang'oa. Huenda kamera ilisimama mahali pabaya, na huenda macho yangu yamechoka kwa kusoma. Baba mdogo ndiye aliyenishika mkono siku tulipomzika baba, na natamani kuliko ninyi nyote kwamba nimekosea. Lakini najiuliza, na nitaendelea kujiuliza mpaka nijibiwe: kwa nini haraka ya kuezeka iingie sasa, masika yakiwa mlangoni, wakati ambapo ukuta bado unaweza kupita machoni kama ukuta mzima? Na kwa nini, katika watu wote waliofanya kazi pale, aondolewe yule mmoja aliyeuliza habari za maji? Masika yakiingia maji yatashika njia yake ya zamani, na wakati huo ndani kutakuwa na watoto wenu arobaini, vichwa vyao chini ya zege.

Kabla ya neno la mwisho nisalimieni Dominika na wanawe, Bibi Margareta wa kisimani, na wanafunzi wangu wa zamani wote. Mungu awalinde na masika haya, na awape mavuno mema ya kahawa.

Uamuzi wangu ni huu. Kiwanja nilikitoa kwa moyo, na sikirudishi. Lakini idhini ya kuezeka siitoi, wala ya kumwondoa fundi Alawi. Siku ya Jumatatu, kabla mtu hajashika kazi nyingine, mchimbe mahali pawili mbele ya Mchili. Kwanza upande wa juu wa jiwe, muone kama mna mashina ya masale ya zamani. Kisha kwenye shimo la fundi, mlishushe mpaka kimo cha mtu. Jembe la kwanza alishike Baba mdogo Wenseslaus.

Shangazi, wewe nakupa kazi moja. Kata jani moja la isale uje nalo. Isale ndilo linaloonyesha mpaka wetu, na ndilo tunalopelekeana tunapoomba radhi, na aliyeletewa hawezi kulikataa. Wakikuta udongo mgumu, na upande wa juu wa jiwe hamna shina, umpelekee Baba mdogo isale hilo kwa niaba yangu, mbele ya watu wote, kwa kuwa nimemshuku mbele ya watu wote. Wakikuta mashina, na shimoni udongo mweusi wenye harufu ya mgomba uliooza, umkabidhi Baba mdogo hilo hilo. Atajua mwenyewe kwamba la kwanza ni kulipeleka kwa fundi Alawi, na kumwuliza ukuta tuuanzie wapi.

Mwanao aliye mbali kwa miguu tu,
Sirili