Jino la Bastola Yako, Tata

Tata,

Nusura nikukatie jino la bastola yako. Usinikasirikie kwanza, baba yangu, nisikilize.

Jino unalijua, kile kipande cha chuma kwenye ncha ya mtutu tunachotumia kulenga. Mwaka huu limenipotea. Shabaha naiona vizuri kabisa, lakini nikinyoosha mkono, jino linageuka ukungu mweusi juu ya duara jeusi la shabaha. Nikivaa miwani jino linarudi, shabaha inaondoka. Nimefika hamsini, Tata, na macho hayana adabu.

Fundi wa silaha aliigeuzageuza hiyo rivolva yako, akasema, "Mama, hapa tunakata, tunaweka la kisasa lenye nukta nyekundu. Utaona hata kukiwa na mawingu."

Nikamuuliza kama la zamani linaweza kurudi.

"Halirudi. Jino na mtutu ni chuma kimoja."

Wenzangu wa klabu ya kulenga shabaha wakagawanyika. Wapo walioniambia kuikata bastola ya zamani namna ile, ambayo haijaguswa na tupa tangu itoke kiwandani, ni kuitia kilema. Wengine wakasema chombo ni cha kutumika. Kama huoni, utaifungia kabatini uitazame? Hao ndio walionichoma. Sikutaka kuwa mlinzi wa chuma. Nilizitaka Jumapili zetu.

Maana wiki nzima ulikuwa mtu wa chai pale Itumbe, na Sabato ulikuwa mzee wa kanisa, bastola huigusi hata kwa kitambaa. Jumapili ndiyo ilikuwa yetu, mimi na wewe uwanjani, na ndizi za kuchemsha kwenye mfuko. Hukuwahi kumtishia mtu na silaha ile. Yule jirani aliposogeza mpaka wa shamba, wote tukijua unayo, ulimwendea na chupa ya chai, mkaongea mpaka alama zikarudi mahali pake. Nilikuwa msichana wakati huo, na mpaka leo sijaona mwanamume jasiri kuliko huyo mwenye chupa.

Uliinunua, kwa kibali, kutoka kwa yule meneja wa mashamba ya Kericho alipokuwa anastaafu. Mimi nilitaka tuibadilishie mpini, uwe wa kisasa. Ukaniambia, "Moraa, mkono ni wa mtu, macho ni ya mtu. Bastola itapita kwa wengi." Basi. Wewe na maneno mlikuwa hamjuani sana.

Na ulipiga vizuri hadi sabini na kitu! Nilikuonea wivu. Kabla ya kupiga uliwapa watu kisogo, ukainamisha kichwa kidogo, na klabu nzima ikangoja. Mimi ndiye niliyewaambia, "Mzee anaomba." Wakakuheshimu zaidi.

Alhamisi nikaisafisha ili niipeleke ikakatwe. Kwenye kisanduku chake kuna kile kipande cha jiwe la sabuni la Tabaka, lile jeupe na laini la kuchonga vinyago, ambacho siku zote nilidhani ni kumbukumbu tu. Nikakigeuza. Upande mmoja kimelika, kina mfereji mwembamba. Nikaliingiza jino mle, likakaa sawasawa. Nikasugua kidogo, jino likawa jeupe kama unga.

Kumbe, Tata. Kumbe ulipoinama ulikuwa unasugua.

Macho yako yalikuwa yamekwisha kama yangu. Fundi ungempata, na sababu ulikuwa nayo, lakini ulichagua unga wa jiwe unaopanguswa kwa kidole, ili mimi niikute bastola nzima. Hukujisifu, hukuniambia hata mimi. Nilicheka peke yangu mpaka nikalia. Mjanja wewe, nakuvulia kofia. Nimekukumbuka sana.

Fundi nilimpigia simu nikamwambia aache.

Leo Jumapili nimekwenda uwanjani. Nikawapa watu kisogo, nikainamisha kichwa, nikasugua. Nilipoinua mkono, jino lilikuwa pale, jeupe juu ya duara jeusi, na mkono wangu ukatulia kama zamani.

Lakini kabla ya hapo, nikiwa bado nimeinama, nilimsikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Ngojeni kwanza. Moraa anaomba, kama babake."

Sikumsahihisha. Nilikuwa nakushukuru, na hiyo nayo ni sala.

Pumzika, Tata. Nimeifungia kabatini, na haijapungua hata chembe.

Binti yako wa Jumapili,
Moraa