Mteja Ameridhika

Karakana,
Jumapili mchana.

Kwako Dada Mkubwa,

Shikamoo. Naiweka shikamoo yangu hapa juu kabisa. Ukitaka kuiitikia uiitikie, usipotaka ikae tu, haiozi. Hujambo lakini? Mgongo unaendeleaje, na wale mapacha wako bado wanagombania kiti cha dirishani? Sisi huku ni wazima. Wifi yako anakusalimu sana, na amekaa hapa mlangoni kama askari wa zamu kuhakikisha barua hii naimaliza. Binti yetu ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa kila akitamka neno lenye "s" anapiga mluzi bila kutaka. Kazi zipo kiasi. Watu bado wanahitaji milango.

Najua umeigeuzageuza bahasha ukijiuliza nani siku hizi anaandika barua. Dada, huu ni mwezi wa nane hatujasemezana, tangu siku uliyonipigia simu kunieleza habari za duka lako, nami nikakujibu maneno ambayo hata adui angeona haya kuyatamka. Ulikata simu na hukupiga tena. Nataka unisamehe. Nimelisema mapema ili usisome kurasa zote hizi ukijiuliza huyu anataka nini. Ila kabla hujanisamehe kuna jambo inabidi ulijue, na siwezi kulieleza bila kukusimulia habari za kidude kimoja kidogo kama haragwe, ambacho kimenizungusha mpaka nikakonda.

Ni kifaa cha kusikia. Ndiyo, cha kwangu. Usishtuke.

Wewe ndiye uliyenipa jina la Masikio, unakumbuka? Nilikuwa nasikia viatu vya mama tangu kwenye kona, nakukonyeza, nawe unapata muda wa kurudisha kopo la sukari kabatini na kufuta mdomo. Basi yale masikio nimeyamaliza kwenye msumeno wa umeme. Miaka ishirini nimesimama mbele yake bila kuziba hata kwa pamba, maana nilijiona shujaa. Sikio la kulia limekwenda kabisa. La kushoto linasikia kwa mafungu: leo herufi hizi, kesho zile. Watu nilikuwa nawatazama midomo, wakicheka nacheka, wakiuliza naitikia. Kwenye simu, ambako hakuna mdomo wa kutazama, nilikuwa nabahatisha kwa kufuata sauti inavyopanda na kushuka. Kwa miaka karibu mitatu nimepata maksi nzuri tu, isipokuwa mara moja.

Wifi yako ndiye aliyenikokota mpaka kwenye duka la hivyo vifaa. Duka lenyewe zuri, vioo kila upande, unaona aibu kukanyaga sakafu. Muuzaji alituapia kwamba kitu kile nitazeeka nacho. Kisanduku chake, dada, kimetengenezwa kwa ustadi kuliko kabati nyingi ninazoziona mjini, kina hata kitambaa laini ndani. Nilikivaa, nikasikia, na nikaanza kufanya mazoezi ya kukupigia simu wewe. Usicheke. Nilimwagiza wifi yako aende chumba cha pili anipigie, tuongee habari za chumvi na sabuni, mpaka niwe na hakika. Nilisema nitakupigia Jumatatu, ikawa Ijumaa, ikawa mwisho wa mwezi. Asubuhi niliyojikaza kiume na kuishika simu, kifaa kikatoa mlio kama wa mbu na kikafa. Kilikuwa na miezi mitano.

Sasa sikiliza vituko. Ndani ya kisanduku kile kizuri kuna karatasi inayosema ukipata shida yoyote wapigie huduma kwa wateja. Wapigie, dada! Kampuni inauza vitu kwa watu wasiosikia, halafu njia pekee ya kuwapata ni simu. Wifi yako akapiga kwa niaba yangu. Akabonyeza moja, akabonyeza tatu, akapigiwa muziki mpaka akaujua, na mwisho akajibiwa kwamba kwa mujibu wa utaratibu lazima waongee na mteja mwenyewe. Akawaeleza kwamba mteja mwenyewe hasikii, na hiyo ndiyo shida yenyewe wanayopigiwa. Wakamwambia wanamwelewa sana, lakini lazima waongee na mteja mwenyewe. Unamjua wifi yako alivyo mpole. Siku hiyo alitamka maneno niliyoyasoma mdomoni mwake na kutamani nisingeyasoma.

Nikaenda ofisini kwao. Binti wa mapokezi alitazama risiti, akatazama waranti, akaniambia kwamba watanipigia. Mimi nikasikia kwamba watanipiga. Nilirudi nyuma hatua mbili nikamuuliza nimekosa nini, naye akarudia kwa sauti ya juu zaidi, tutakupigia, tutakupigia, kama vile tatizo lilikuwa neno na si simu. Mara ya pili nilikutana na kijana wa tai aliyenishauri ninunue toleo jipya, kwa sababu langu limepitwa na wakati na vipuri vyake havitengenezwi tena. Miezi mitano! Nilitaka kumwambia kwamba mlango wa ofisi ya mkunga hapa mtaani kwetu niliupachika kabla yeye hajaota ndevu, na mpaka leo unafungwa kwa kidole kimoja. Bawaba zikilia wananiita, naenda na mafuta yangu, namaliza. Sijawahi kumshauri mtu anunue nyumba mpya. Lakini niliona atasema ananielewa sana, nikaondoka.

Mara ya tatu ndipo yaliponikuta. Nyuma ya meza alikuwepo mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Aliandika jina langu kwenye kompyuta, akasoma, akakunja uso, akasoma tena. Kisha akakigeuza kioo cha kompyuta upande wangu. Iliandikwa kwamba mteja amepigiwa simu, amethibitisha kifaa kinafanya kazi, amekubali lalamiko lake lifungwe na ameishukuru kampuni. Chini kabisa kwa herufi za kijani: Mteja ameridhika.

Nilipandwa na hasira, mkono ukanyanyuka kabisa wa kupiga meza. Halafu nikaushusha, kwa sababu nilikumbuka. Wiki iliyotangulia simu iliita nikiwa naranda mbao. Namba ngeni, sauti ya heshima, maneno mengi. Nami nikajibu nilivyozoea kuwajibu watu wote: ndiyo, ndiyo, sawa kabisa, nashukuru sana. Hawakunisingizia, dada. Niliridhika kwa mdomo wangu mwenyewe.

Hapo nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya mbele ya mtu yeyote isipokuwa mke wangu. Nilimwambia yule mama kwamba mimi sisikii, na kwamba nilisema ndiyo kwa sababu sikusikia swali na niliona aibu kuuliza. Nadhani nilipiga kelele, maana siku hizi sauti yangu siijui vipimo. Ofisi nzima iligeuka. Nilisubiri watu wanicheke, halafu nikakumbuka ile ni foleni ya namna gani. Mzee wa nyuma yangu alikuwa anamgusa jirani yake amuulize huyu bwana amesema nini, na jirani naye hajui. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na si ya kicheko tu.

Yule mama hakupandisha sauti. Alivuta karatasi, akaandika, akanisogezea. Aliniuliza shida hasa ni nini. Katika miezi yote ile ni yeye wa kwanza kuniuliza. Tukaongea hivyo, yeye kwa kalamu, mimi kwa mdomo. Akaniandikia ukweli: pale hawatengenezi kitu, vikirudi vinatupwa, na vimegandishwa kwa gundi makusudi ili asivifungue mtu. Kisha akachungulia kushoto na kulia, akaandika mahali alipo fundi saa mmoja nyuma ya soko, akaikunja karatasi mara nne. Alinipa kama mtu anayetoa siri ya serikali.

Fundi saa ni mtu mfupi mwenye lenzi jichoni na subira ya ajabu. Alikipasua kifaa changu kwa wembe kwenye ile gundi, akanionyesha ndani. Unga wa mbao, dada. Umeingia, umechanganyika na jasho, umeganda kama ugoro, na uzi mmoja wa waya mwembamba kuliko unywele umekatika. Akasafisha, akaulehemu, akakifunga kwa gundi yake na uzi mweusi kukizunguka. Sasa hakipendezi tena, kimekuwa kama kidole kilichofungwa bandeji. Akaniashiria nivae. Nikavaa, na kibanda kizima kikaanza kugonga. Saa za ukutani, za mezani, za mkononi, sijui ngapi, zote kwa pamoja. Nilikuwa nimekaa mle tangu asubuhi nikidhani ni mahali pa kimya. Nikarudi nyumbani, mtoto akaniuliza sababu ya macho yangu kuwa mekundu, na kwenye kila "s" nikausikia mluzi wake. Kabla ya hapo nilikuwa nasimuliwa tu.

Sasa nifike kwenye siku ile.

Mwaka mzima ulikuwa unaniambia mwenye duka anataka kuliuza na wewe unahangaika ulichukue. Kila ukipiga simu, habari ni hiyo. Siku ile ulipiga ukaniambia, "Masikio, duka limeungua." Mimi nikasikia, "Masikio, duka nimenunua." Naomba uyatamke yote mawili kwa sauti, hapo ulipo, utaona yanavyofanana. Ndipo nikakwambia hongera. Ndipo nikakwambia ulistahili kitu hicho siku nyingi, na kwamba nilikuwa nakuombea kitokee. Ulianza kulia, nami nikadhani ni furaha, nikacheka, nikakwambia ulie kwa sauti majirani wasikie na wao. Hivyo ndivyo nilivyosema, na hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Lakini hilo si kosa langu kubwa, na nisingekuwa mkweli ningeishia hapo. Siku nne baadaye mama mdogo alimweleza wifi yako, naye akaja karakana akanieleza mimi, uso kwa uso, polepole. Nilijua siku hiyohiyo nimekufanyia nini. Ningeweza kuja. Ningeweza kukwambia sikusikia, likaisha. Badala yake nilimtuma mke wangu aje kukupa pole peke yake, nikasingizia kazi, nikamwapisha asiseme neno kuhusu masikio yangu. Aliporudi hakunitazama siku mbili. Niliogopa wateja wakisikia fundi ni kiziwi watanikimbia, niliogopa kuhurumiwa, na hasa niliogopa kuhurumiwa na wewe uliyenipa lile jina. Niliona afadhali unidhanie nina roho mbaya. Miezi minane nimekuacha uamini kwamba mdogo wako alifurahia moto wako, na rafu nilizokuchongea kwa mikono yangu ziligeuka majivu bila mimi kuja hata kuyaona.

Na hata ile simu niliyokuwa naifanyia mazoezi, nilikuwa nimepanga kukwambia kwamba siku ile nilikuwa nimechoka na nilitania vibaya. Nilitaka kuomba msamaha kwa uongo mwingine. Kifaa kilikufa asubuhi hiyo, na leo nashukuru kwamba kilikufa. Sasa kimepona na ningeweza kukupigia. Lakini nimeona niandike, kwa sababu barua haiishiwi betri, na kwa sababu ukiamua kunikatia katikati, maneno yaliyobaki yatakuwepo bado.

Nimesikia umeanza tena kuuza vitambaa barazani kwako. Nimekuchongea rafu mpya, mbao kavu, hakuna msumari hata mmoja, zinaungana na kuachana, kwa hiyo zitakaa barazani leo na dukani siku utakayolipata. Droo za vifungo na nyuzi zimo, kumi na mbili, kama za kwanza. Jumamosi rafiki yangu mwenye gari la mizigo atanileta nazo. Usipotaka kuniona, mwambie mmoja wa mapacha asimame nje, nitazishusha na kuondoka, na sitakulaumu.

Ukinikaribisha, nina ombi moja. Nikalishe upande wako wa kulia, ili sikio langu la kushoto likuelekee, uniambie upya habari za duka lako, tangu mwanzo, kama vile hujawahi kuniambia. Nikikosa neno nitauliza. Nitauliza hata mara kumi. Na ukifika kwenye moto, dada, nitakuwa hapo.

Wasalimie mapacha, uwaambie mjomba anakuja na vipande vya mbao vya kuchezea. Wifi yako anasema ukikubali ama ukikataa, yeye atakuja tu. Nami nabaki nikiisubiri marahaba yako, hata ukiitoa kwa sauti ya chini.

Ni mimi mdogo wako,

Masikio
(limebaki la kushoto)