Mchumba wa Rehema na Kijiji Chake

Wifi Esta, pokea salamu zenye manyunyu kutoka Birmingham. Rehema wetu ni muuguzi hapa, wagonjwa wanamtaka yeye tu! Sasa mtoto kama huyo kaniletea mchumba, Mreno, Tiago. Nikamwuliza kwao wapi. Akasema, "Aldeia." Rehema akanieleza ndivyo Wareno wanavyoita kijiji. Nikashtuka: mbona kama Kiarabu? Huyu anaficha nini?

Jumamosi nikamwuliza juu ya neno hilo muuza nyama wa mtaa wa Sparkhill, Mwarabu aliyekulia Unguja. Akacheka: "La kwetu hilo, mama. Al-dhai'a, yaani shamba na watu wake. Waarabu walitawala huko Ureno zamani. Wakaondoka, neno likabaki."

Basi, neno lina ukoo. Mwenyewe je? Unajua kwetu mchumba huulizwa kwa majirani. Jioni, Rehema akitafsiri, nikambana Tiago: "Nitajie majirani zenu, nyumba kwa nyumba." Akataja tisa bila kumeza mate, mpaka mbwa wao.

"Nani yuko huko sasa?"

Akainama. "Bibi yangu tu, mama. Wengine wamehama, wengine wamekufa."

Sasa wifi, nimwulize nani? Bibi atamsifu mjukuu wake kama mimi ninavyomsifu Rehema. Sijakubali, sijakataa. Wewe ndiye shangazi mtu, shughulikia pasipoti. Twende tukakae kwa huyo bibi wiki nzima, tuone kama simu yake inalia, na kama ni Tiago anayepiga.

Mungu ayatunze magoti yako. Nakupenda sana.

Mama Rehema