Kamyo Yako Imepanda Kilima

Yaya Kalunga, kaka yangu mukubwa,

Siku hizi hapa Kalemie, mutu akiuliza nani ni mukubwa wa muji, asipoteze muda kwa biro ya guvernera. Wamulete kwangu. Mimi mudogo wako, niliyeacha shule mwaka wa tano wa primere, njo nimefufua kamyo yako, lori ambayo mafundi wenye diplome walisema ikatwe.

Unakumbuka ile pua yake ndefu, namna ilivyokuwa inafika Nyunzu mbele yetu sisi wenyewe? Ulipoondoka, nyasi ziliota mpaka ndani ya kabini. Kuku wa muke wako, Mama Feza, walitagia juu ya kiti chako. Mutoto wako Didier akasema, "Baba mudogo, ile ni vyuma tu. Tukimaliza matanga, wanunuzi wa vyuma wakuje kuikata." Nikamuambia, "Wakate mimi kwanza." Akacheka. Mama Feza hakucheka. "Shemeji," akasema, "kama itafika kaburini yenyewe, hakuna mutu ataikata."

Unaijua desturi yenu ya mashofere: siku ya kumaliza matanga, gari ya marehemu inakuja kwa moteri yake. Ikivutwa kwa kamba, ni kama kukuzika mara ya pili.

Nilitumika miezi saba. Resori ya mbele, ile springi, niliitoa kwenye kamyo iliyokufa kule Niemba, nikaibeba kwa kichwa mpaka hapa. Watu wanasema ilikuwa na uzito wa ng'ombe. Mimi niliona kama kofia. Karoseri, ile bodi ya nyuma, nimeichonga upya kwa mbao za muninga. Nimepaka ile buluu yako kila mahali, isipokuwa volani, usukani wako. Pale mikono yako ilipolainisha... Yaya, nilitia mukono wangu pale, nikashindwa kuutoa. Tuache hayo.

Siku yenyewe, watu wote wamevaa, kamyo ikakataa. Nikafungua pompi ya mazutu, ile dizeli, nikaifunga, nikaifungua tena. Didier tayari ameshika kamba. Halafu, Yaya, ikawaka! Moshi ukafunika jua, watu wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, wakaanua nguo wakidhani mvua inakuja. Wamama juu ya karoseri wanaimba, tukapanda kilima kwa vitesi ya kwanza, ile gia ya nguvu, bila kusukumwa hata kidogo. Kaburini nikakupigia honi tatu. Didier alilia mbele ya watu, kisha akanipa ile kamba. "Baba mudogo, utafungia nayo mizigo."

Lala vizuri, Yaya wangu. Nakuahidi, mahindi ya Nyunzu yakikauka tutaenda kuyapakia, na hakuna atakayeshika volani ile bila kunawa mikono.

Mujini ninasema niliisemesha moteri kwa lugha yake, ikatii. Wewe siwezi kukudanganya. Ile robine, koki ya kupitisha mazutu chini ya tanki, niliifunga mwenyewe jana yake, nikasahau. Mama Feza njo aliinama, na kitenge chake kipya, akaifungua kwa vidole viwili. Hajamuambia mutu.

Mudogo wako,
Kabwe